Injini Nayo Ina Mwenyewe

Somo la toleo hili kwa wenye magari, madereva na mafundi waishio mipakani



Mwenye gari aishiye mpakani hukutana na jambo ambalo mwenzake aliye mbali na mpaka hulipata mara chache: gari lake husomwa. Afisa wa forodha husoma namba ya usajili, polisi husoma namba ya chesisi, na siku nyingine boneti hufunguliwa, tochi ikamulika, nayo injini ikasomwa. Aliyebadili injini bila kufuata utaratibu anaweza kukaa miaka kijijini kwake asiulizwe neno. Anayevuka Busia, Malaba au Mutukula kila juma ataulizwa tu, na siku hiyo atatakiwa kuwa na jibu.

Somo hili linahusu uchaguzi wa injini ya kuweka mahali pa ile iliyokufa. Tutasema mambo ya ufundi, kwa kuwa injini isiyolingana na gari ni hatari barabarani. Tutasema pia habari ya asili ya injini, kwa kuwa injini nzuri iliyotoka mahali pabaya inaweza kumfilisi mtu mwaminifu.

Mfano wa mwenye taksi

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha mpakani hatauona kuwa mgeni.

Mzee mmoja ana Toyota Hiace ya abiria 14, gari ambalo sisi Uganda huliita taksi, Wakenya matatu, na Watanzania daladala. Humtoa mpakani hadi mjini na kumrudisha, na ndilo linalolipa karo ya watoto wake. Siku moja rejeta ilivuja, dereva akaendelea kukimbia ili amalize safari, injini ikachemka, silinda hedi ikapasuka. Gari likavutwa kwa kamba hadi gereji. Siku ya nne fundi alimpigia simu.

"Mzee, injini ipo. 3L safi kabisa, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Ila mwenyewe anataka fedha leo leo."

"Na risiti je?"

"Mzee wangu, risiti ya nini na sisi tunafahamiana? Kesho asubuhi utakuwa barabarani."

Bei ilikuwa nusu ya ile ya duka la vipuri mjini. Mzee alihesabu siku alizokwisha kupoteza, akahesabu na zilizokuwa zikija, akalipa. Injini ililetwa usiku juu ya pikapu, ikafungwa kabla ya jua kuchomoza. Ilifanya kazi vizuri miezi mitatu, hata akaanza kuwasifia wenziwe fundi huyo.

Kisha ukatokea msiba ng'ambo ya mpaka. Taksi ilikodiwa kupeleka waombolezaji. Kwenye kizuizi afisa alifungua boneti, akapangusa grisi kwa kitambaa, akalinganisha.

"Mzee, namba hii haimo katika kitabu chako. Injini uliinunua wapi?"

"Kwa fundi, afande."

"Una karatasi yoyote?"

Hakuwa nayo. Namba ilipoulizwa ng'ambo, ilionekana ni ya gari lililoibwa huko miezi minne kabla. Waombolezaji walishuka, wakatafuta usafiri mwingine wakiwa na masanduku yao vichwani. Gari lilizuiliwa kuwa kielelezo. Simu ya fundi ilikuwa imezimwa, na gereji yake imefungwa kwa kufuli. Mzee aliingia kituoni akiwa shahidi au mshukiwa, yeye mwenyewe asijue ni lipi kati ya hayo mawili, kwa kuwa hakuwa na kitu mkononi cha kuonyesha kwamba alinunua bila kujua.

Tuliweke wazi tangu mwanzo: mzee huyu hakuiba. Lakini mwizi hawezi kumpa mtu haki asiyokuwa nayo yeye mwenyewe. Mali ya wizi, hata ikipita mikono mitano na kulipiwa mara tano, mwenyewe ni yule aliyeibiwa. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mwenye taksi mwingine, naye ana watoto wa shule, naye aliamka asubuhi akakuta mahali pa gari lake pana alama za matairi tu. Injini iliyomrudisha mmoja kazini ndiyo iliyomtoa mwingine kazini.

Kwanza: je, injini imekufa kweli?

Wengi hununua injini kwa haraka wakati ile ya zamani ingeweza kutengenezwa. Kabla ya kutafuta nyingine, mtake fundi akuonyeshe kwa macho ugonjwa ulipo.

Moshi husema mengi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, dalili ya ringi za pistoni au sili za vali zilizochakaa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha pata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria maji yanaingia ndani ya silinda. Huenda ni gasketi ya hedi tu iliyoungua, au hedi imepasuka. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zimeharibika, au pampu imepotea vipimo. Ugonjwa wa moshi mweusi mara nyingi hautaki injini nyingine.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha mgandamizo wa silinda. Fundi hufunga geji mahali pa plagi au nozeli, akazungusha injini kwa stata, akaandika namba ya kila silinda. Silinda zote zikiwa chini, injini imechoka. Moja ikiwa chini na nyingine tatu ziko sawa, tatizo liko mahali pamoja. Omba namba hizo ziandikwe kwenye karatasi. Fundi anayesema "imekufa" bila kupima anakuuzia maneno.

Jambo la mwisho hapa ni chanzo cha kifo. Injini ya mzee wetu iliuawa na rejeta. Iwapo rejeta ile ile itafungwa tena bila kuzibuliwa na kupimwa, na feni na termostati zisikaguliwe, injini mpya itakufa kifo kile kile.

Pili: injini ipi inalingana na gari lako?

Kanuni iliyo salama ni kurudisha injini ya aina ile ile iliyotoka kiwandani na gari. Maungio yatalingana, gia boksi itaingia, nyaya zitatosha, breki na springi zitabeba uzito zilioundwa kuubeba, na kitabu cha gari kitabadilika mahali pamoja tu, penye namba ya injini.

Ili kuijua aina hiyo, soma bamba dogo la chuma lililo ndani ya boneti au kwenye mwili wa gari, ambalo huandika modeli, namba ya chesisi na aina ya injini. Katika Hiace zilizotengenezwa kwa soko la Japani, namba ya chesisi yenyewe husema. Ikianza na LH, gari lilizaliwa na dizeli ya ukoo wa L. RZH ni petroli ya ukoo wa RZ. KZH ni dizeli ya 1KZ yenye taabo. TRH na KDH ni za umbo jipya lililotoka mwaka 2004, la kwanza kwa petroli ya ukoo wa TR na la pili kwa dizeli ya ukoo wa KD. Magari yaliyotengenezwa kwa kuuzwa nje ya Japani kwa kawaida huwa na namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, na ndani yake hamna herufi I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Afisa anayejua kusoma hayo, akiona chesisi ya RZH na chini yake injini ya dizeli inanguruma, hujua papo hapo kwamba injini ilibadilishwa. Kubadilisha si kosa. Atakachouliza ni kama badiliko hilo liliandikwa.

Baadhi ya injini ni ndugu wa karibu. 2L yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779, na 5L yenye 2,986, zote za silinda nne na pampu ya kawaida, ni za ukoo mmoja, na mafundi wengi wamezoea kuweka 3L au 5L mahali pa 2L. Hata hivyo ujazo umebadilika, nao huandikwa katika kitabu cha gari; kwa hiyo ni lazima urekebishwe pamoja na namba.

Kuhama ukoo ni jambo zito zaidi. Aliye na gari la petroli akitaka dizeli hubadilisha pampu na mabomba ya mafuta, nyaya, maungio ya injini, mara nyingi gia boksi na rejeta, na huongeza uzito mbele ya gari. Anayetaka 1KZ yenye taabo mahali pa 3L hupata nguvu zaidi, lakini nguvu hiyo huongeza joto, na hudai upoozaji bora na breki zinazoweza kusimamisha gari lenye mwendo mpya. Injini za kisasa zenye kompyuta haziwezi kuwaka bila kompyuta yake, nyaya zake, na pengine ufunguo wake wenye chipu. Kabla ya kushawishiwa na neno "nguvu", jumlisha gharama zote hizo, kisha ukumbuke abiria 14 watakaokaa nyuma yako kwenye mteremko.

Tatu: kagua kabla ya kulipa

Injini nyingi zinazouzwa kwetu ni zilizotumika, zilizoletwa kutoka Japani au kupitia Falme za Kiarabu. Masoko makubwa ya vipuri, kama Kisekka mjini Kampala, barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na Gerezani mjini Dar es Salaam, yana wauzaji waaminifu wengi wanaojua kwamba jina zuri ndilo mtaji. Muuzaji wa namna hiyo hakasiriki ukikagua.

Nenda na fundi wako mchana. Fungua kifuniko cha oili: ute mzito mweusi ni alama ya oili isiyobadilishwa, na povu la rangi ya maziwa ni alama ya maji yaliyoingia. Chomoa kijiti cha oili ukitazame na kukinusa. Zungusha krankishafti kwa spana. Izunguke bila kukwama. Tazama matundu ya plagi na milango ya hewa kama kuna kutu, na pembe za ndani kama kuna mchanga mwembamba au mstari wa tope, dalili ya injini iliyozama katika mafuriko. Angalia trei ya oili kama imebonyezwa, na bloki kama imechomelewa. Ikiwezekana iwashwe, isikilizwe ikiwa baridi na ikiwa moto, na ipimwe mgandamizo. Isipowezekana, dai dhamana ya maandishi ya siku kadhaa.

Ukisha inunua, usiifunge kama ilivyo. Injini za ukoo wa L huendeshwa na mkanda wa taimingi, na ukikatika safarini vali hugonga pistoni. Hakuna anayejua mkanda uliokuja na injini umekimbia kilomita ngapi. Badilisha mkanda, sili ya nyuma ya krankishafti, termostati, machujio na oili wakati injini bado iko nje, maana kazi ya saa moja ikiwa mezani huwa ya siku nzima ikiwa ndani ya gari.

Nne: injini hii ni ya nani?

Sehemu hii ndiyo iliyomwangusha mzee wetu, na ndiyo tunayotaka ikae kichwani.

Kila injini ina namba iliyogongwa kwenye uso bapa wa bloki yenyewe. Katika Toyota huanza na jina la aina, kwa mfano 3L, kikafuata kistari na tarakimu saba. Mahali pake hutofautiana kwa aina. Fundi mzoefu hupajua. Pangusa grisi, mulika, soma, kisha pitisha kidole. Jihadhari na haya: uso uliosagwa ukang'aa wakati chuma kingine kimezeeka, tarakimu zisizo na kina kimoja au zisizokaa mstari mmoja, rangi mpya iliyopakwa hapo tu, alama za kuchomelea, au kibamba kilichobandikwa juu. Jina la aina lililogongwa likitofautiana na umbo la injini, ondoka. Namba iliyofutwa haina maelezo mazuri. Muuzaji akikuambia "ilifutika yenyewe kwa kutu", mwachie kutu yake.

Kisha uliza karatasi. Kwa injini iliyoingizwa kutoka nje, muuzaji anapaswa kuwa na hati za forodha za shehena yake. Kwa injini iliyotolewa kwenye gari la hapa hapa, lililopata ajali au lililochakaa, dai nakala ya kitabu cha gari hilo, uone kwamba namba ya injini iliyomo ni ile uliyoisoma kwenye bloki, na upate mapatano ya maandishi kutoka kwa mwenye gari. "Gari lililopinduka" lina namba ya usajili, lina mwenyewe, na ajali yake kwa kawaida iliripotiwa kituoni. Maneno hayo matatu yangetosha kumwokoa mzee, kama angeuliza: lipi, la nani, lilipinduka wapi?

Risiti iwe na tarehe, jina la muuzaji au duka, namba ya kitambulisho chake, simu yake, aina ya injini, namba kamili ya injini, bei, na sahihi za pande zote mbili pamoja na shahidi. Risiti inayosema "injini moja" tu haitofautishi injini yako na nyingine yoyote duniani. Piga picha namba kabla injini haijafungwa, kwa kuwa baadaye itafichwa na mabomba na nyaya. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kama benki au simu.

Ukiwa na shaka, fika kituo cha polisi kabla ya kulipa, uombe namba ichunguzwe. Polisi wa nchi zetu hawafanyi kazi wakiwa wamefungiwa ndani ya mipaka yao. Interpol ina hazina ya kumbukumbu za magari yaliyoibwa, ambayo kila nchi mwanachama huifikia kupitia ofisi yake ya kitaifa, na wakuu wa polisi wa kanda hii wana shirika lao la ushirikiano, EAPCCO, lililoundwa Kampala mwaka 1998. Kwa hiyo yule anayedhani kwamba kipuri kikivuka mto kimesahauliwa anajidanganya. Kumbuka vilevile kwamba gari lililoibwa jana huenda halijaandikwa popote leo. Jibu la "haimo katika orodha" haliondoi haja ya karatasi.

Sheria za nchi zetu huadhibu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Bei ya nusu, biashara ya usiku na kukosa risiti ni mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama na kuuliza: je, mtu mwenye akili timamu hakushuku chochote?

Neno kwa wanaonunua ng'ambo. Wengi wamesikia kwamba bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupita mpakani kwa cheti rahisi bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki upo, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Injini iliyotengenezwa Japani haiwi ya Afrika Mashariki kwa kuwa ililala dukani Busia. Itangaze forodhani, lipa kinachostahili, utunze hati. Injini iliyopitishwa kwa pikipiki kwenye njia ya panya hukosa hati hiyo milele, na siku ya kuiandikisha ndiyo siku utakayojuta.

Tano: iandikishe

Injini ikisha fungwa, gari si lile lililoelezwa katika kitabu chake. Nchini Uganda daftari la usajili wa magari liko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, Kenya liko NTSA, Tanzania TRA, Rwanda RRA. Taratibu na ada hutofautiana na hubadilika, kwa hiyo uliza ofisini, usimwulize mtu wa kijiweni. Msingi ni mmoja: gari hukaguliwa, hati za injini huonyeshwa, na kumbukumbu hurekebishwa. Usivuke mpaka kabla ya hapo. Karatasi za kuingiza gari kwa muda hujazwa kwa kufuata kitabu cha gari, na kitabu kikisema jambo moja na bloki jingine, afisa wa upande wa pili asiyekujua hana sababu ya kukuamini.

Mjulishe na mwenye bima. Gari lililobadilishwa injini bila taarifa linaweza kuleta ubishi siku ya ajali, na ubishi huo utamwangukia abiria aliyevunjika mguu.

Sita: injini ya zamani usiitupe ovyo

Wengi husahau jambo hili. Bloki iliyopasuka ingali imebeba namba iliyokuwa katika kitabu chako. Ukimpa mnunuzi wa vyuma chakavu bila maandishi, huwezi kujua namba hiyo, au kipande cha chuma kilichoibeba, kitatumika kulisafisha gari gani la wizi. Iuze kwa risiti yenye namba, jina na kitambulisho cha mnunuzi. Kama unaitunza kwa ajili ya vipuri, itunze pale unapoweza kuionyesha.

Mafundi nanyi tunawaomba: wekeni daftari. Kila injini iingiayo gerejini iandikwe tarehe, aliyeileta, namba yake, na gari iliyofungwa ndani yake. Daftari la shilingi chache limeshawaondolea mafundi waaminifu mashaka ambayo wakili angewatoza fedha nyingi kuyaondoa.

Saba: ukisimamishwa, na wajibu wetu sisi

Ukiulizwa juu ya injini, jibu kwa utulivu na uonyeshe hati. Gari likizuiliwa, una haki ya kuambiwa sababu, kujua jina la afisa na kituo, na kuhakikisha kwamba taarifa imeingizwa katika kitabu cha matukio na umepewa namba yake. Omba pia orodha ya maandishi ya vitu vilivyomo ndani ya gari, pamoja na betri, tairi la akiba na redio, na uitie sahihi pamoja na afisa. Nchini Uganda dhamana ya polisi hailipiwi. Anayekuomba fedha ili "faili lilale" anakutendea kosa, nawe ukimpa umetenda kosa pamoja naye. Mripoti kwa mkuu wake.

Tunajua kwamba wananchi wengine huogopa kuleta namba kituoni, wakidhani kwamba anayeuliza atashukiwa. Hofu hiyo tumeichangia sisi wenyewe mahali pengine, kwa ukali usio na sababu. Anayekuja mchana, kabla ya kununua, akiwa na namba mkononi, anatusaidia kazi, naye anastahili kupokewa kama msaidizi. Asipopokewa hivyo, atuambie katika kikao cha polisi jamii.

Orodha ya kubeba mfukoni

1. Kipimo cha mgandamizo cha injini ya zamani kimeandikwa, na chanzo cha kifo kimetengenezwa.
2. Aina ya injini mpya inalingana na bamba la gari, au mabadiliko yote yamehesabiwa.
3. Injini imekaguliwa mchana, pamoja na fundi wako.
4. Namba imesomwa kwenye bloki, imeguswa kwa kidole, imepigwa picha.
5. Hati za forodha, au kitabu cha gari ilikotoka, zimeonwa.
6. Risiti ina namba ya injini na kitambulisho cha muuzaji.
7. Usajili umerekebishwa kabla ya safari ya ng'ambo.
8. Injini ya zamani imeuzwa au kutunzwa kwa maandishi.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika mfano wetu, ni wapi mzee angeweza kusimama akasema hapana? Ni nini kilichomfanya ashindwe?
2. Mwenye taksi aliyesimama siku nne bila kipato husukumwa na haja. Je, chama cha madereva wa hapa kinaweza kumsaidia kwa mkopo mdogo ili asikimbilie injini ya usiku?
3. Gereji zetu zinaweza kukubaliana vipi juu ya daftari la injini, na nani alikague?
4. Iwapo injini iliyo katika gari la jirani yako ni ya mtu wa ng'ambo, ungependa ng'ambo wafanye nini iwapo ingekuwa ni yako?

Swali la nne lisomwe kwa sauti, kisha baraza linyamaze kidogo kabla ya yeyote kujibu. Mpaka una pande mbili, na kila mmoja wetu ni mtu wa ng'ambo kwa mwenziwe.